Bima ya Mashua: Umjue Kwanza Anayekuuzia



Wakati wa konji watu wengi wa Mokambo wanashika njia ya Pedicle kwenda upande wa Luapula. Wengine wanakwenda kuona wazazi, wengine wanafuata samaki. Tangu daraja la Chembe lilipofunguliwa mwaka 2008 hakuna tena kungoja kivuko, na safari imekuwa nyepesi. Wengine wanapita Lubumbashi mpaka Kasenga. Na kati yao wako wale waliojinyima mwezi kwa mwezi mpaka wakanunua mashua, ao bwato kama tunavyosema nyumbani: mbao nzuri, motere ya farasi 15 ao 40, nyavu, na vijana wawili watatu wa kuiendesha wakati mwenyewe yuko kazini.

Ni mayele mazuri. Samaki wa Kasenga walilisha kambi za Lubumbashi tangu wakati wa Wagiriki, na madini ya Dikulushi yalivushwa ziwa Mweru kwa pontoni, toka Kilwa mpaka Nchelenge. Mwaka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walipoacha kazi na kupokea hesabu yao ya mwisho, nyumba nyingi zilijiuliza: feza hii tuitie katika kazi gani? Mashua ni jibu moja zuri. Mshahara una mwisho wake, lakini mwenye mashua hakosi kitoweo.

Mtu atauliza: kwa nini leo mtu wa dispensari anatuletea maneno ya bima, ile tunayoita asiransi? Ni kwa sababu dispensari haipokei mashua, inapokea watu. Mguu uliobanwa kati ya mbao na jiwe la kivuko. Mkono uliokatwa na visu vya motere vinavyozunguka chini ya maji. Mtoto aliyekunywa maji mengi. Na ndugu zao, wakikaa nje kwenye benchi, swali lao ni moja: nani atalipa?

Hapa wengi wanajidanganya. Sheria ya kazi inaagiza kompani imtunze mfanyakazi na jamaa yake, yaani bibi na watoto walioandikwa, hata kama ugonjwa hautoki kwa kazi. Hiyo ni kweli. Lakini ajali ya kazi ni jambo lingine. Ajali ya kazi inaangaliwa na CNSS, ile ambayo wazee wanaiita bado INSS. Ukianguka ndani ya shimo la mgodi, ni ajali ya kazi. Ukianguka toka mashua yako siku ya Mungu, wakati wa konji, si ajali ya kazi. Utatunzwa, lakini usingojee malipo ya kilema kama yale ya mtu aliyeumia mgodini.

Na kijana anayeendesha mashua yako? Huyo hayumo hata kidogo katika makaratasi ya kompani. Yeye ni mfanyakazi wako, na patro wake ni wewe. Sheria inakutaka umwandikishe kwa CNSS kama patro mwingine yeyote anavyoandikisha watu wake. Wenye mashua wengi hawafanyi hivyo. Wanasema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu." Mtoto wa dada akivunjika mgongo, dada yako ndiye atakayekuja kukaa mlangoni pako.

Kwa hiyo mimi nawaambia wanaoniuliza: bima ya mashua ni kwanza bima ya watu, kisha ya mbao na motere. Lakini wauzaji wengi wanaanza na mbao, kwa sababu mbao zina bei na mwenye mashua anazilia. Wewe anza na watu. Uliza mambo matatu mbele ya kuuliza bei. La kwanza, ikiwa mashua yangu inaumiza mtu mwingine, ao inavunja mashua ya mwingine, kampuni italipa mpaka kiasi gani? La pili, vijana wangu wakiumia wakiwa kazini majini, hospitali inalipwa na nani, na wakifa, jamaa wanapata nini? La tatu, abiria. Hata kama unasema hubebi abiria, mama mwenye vikapu vya samaki atakuomba umvushe, nawe utamvusha. Ikiwa bima inasema "mashua ya uvuvi tu", siku ile mama yule hana ulinzi, na wewe pia huna.

Wengine wanasema bima ni kama likelemba. Si vibaya kufikiri hivyo: watu wengi wanaweka kidogo, na yule aliyepatwa anachukua. Bima yenyewe ilikomaa kwenye maji. Huko London, katika nyumba ya kahawa ya Edward Lloyd, karne ya 17, wenye meli walikutana na matajiri waliokubali kubeba sehemu ya hasara kwa malipo. Lakini katika likelemba zamu yako itafika tu. Katika bima, ikiwa hakuna ajali, feza yako hairudi, na hiyo si wizi. Tena katika likelemba munajuana nyuso. Katika bima unajuana na karatasi. Ndiyo maana lazima umjue vizuri yule anayekuletea karatasi hiyo.

Katika nchi yetu, tangu mwaka 1966 kampuni ya bima ilikuwa moja tu, SONAS. Mtu hakuchagua, alikwenda SONAS ao alibaki bila bima. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ilifungua mlango, na kuanzia mwaka 2019 kampuni nyingine zilipewa ruhusa ya kuuza bima: Activa, Rawsur na nyingine. SONAS nayo iko bado. Mwenye kutoa ruhusa na kuzichunga zote ni ARCA, ofisi ya serikali. Sitaji majina haya ili mununue huku ao kule, kwa maana ukurasa huu si duka. Nataka mujue kwamba leo unaweza kwenda biro mbili tatu na kulinganisha, jambo ambalo baba zetu hawakuweza.

Sasa, watu wanaokuuzia ni wa namna tatu, na tofauti yao ni kubwa.

Kuna ajenti. Huyu ni mtu wa kampuni moja. Ana barua ya kampuni inayomruhusu kuuza kwa jina lake. Anasifu bidhaa ya patro wake, usimlaumu, ndiyo kazi yake. Faida yake ni kwamba kosa lake, akiwa kazini kwa ajili ya kampuni, unaweza kulipeleka kwa kampuni.

Kuna kurtie. Huyu hana kampuni yake moja, anatafuta kwa ajili yako wewe mnunuzi kati ya kampuni nyingi. Lazima awe na ruhusa ya ARCA. Kurtie mzuri anafaa sana kwa mashua, kwa sababu kampuni nyingi zimezoea gari na nyumba, hazijazoea bwato la mbao la Luapula. Yeye anajua ni nani anayekubali. Muulize waziwazi: "Unapata asilimia ngapi kwa kampuni gani?" Kurtie wa kweli hakasiriki.

Na kuna komisionere. Huyu munamjua, anasimama karibu na mpaka na mfuko wa plastiki wenye makaratasi, anakutengenezea kila kitu: pasi, karatasi ya gari, na bima pia. Hana barua, hana biro, ana muhuri tu. Nilipata kumfunga bandeji kijana mmoja mvuvi aliyevunjika mguu, na mwenye mashua alikuja mbio akiwa na karatasi nzuri sana, ya rangi, yenye muhuri wa duara. Tulitafuta namba ya kontra, haikuwamo. Tulipiga simu ile iliyoandikwa chini, ikalia bila mtu kuipokea. Mwenye mashua aliuza motere ili kulipa kufunga vyuma mguuni mwa kijana. Feza aliyompa komisionere haikuwa nyingi, na hapo ndipo mtego wenyewe: ilikuwa ndogo kupita bei ya biro zote.

Basi ukikutana na muuzaji, mbele ya kutoa hata franka moja, mwombe barua ya kampuni ao ruhusa ya ARCA. Kisha piga simu kwa kampuni, lakini si kwa namba aliyokupa yeye: tafuta namba ya biro kuu mwenyewe, ao umtume mtu anayekwenda Lubumbashi. Malipo yaingie katika kaunti ya kampuni ao kwenye dirisha la biro, nawe upewe risiti yenye namba ya kontra. Mtu akikuambia utume kwa simu kwenye namba yake binafsi, mwambie unakwenda kufikiri, na usirudi.

Sisi wa Mokambo tuna kishawishi kingine, mpaka. Mufulira ni pale pale, na Zambia kuna kampuni za bima za kweli, zenye ruhusa ya serikali yao. Wengine wanasema, "Nitanunua huko, bei ni nzuri." Fahamuni kwamba sheria ya 2015 inataka hatari iliyo ndani ya Kongo ilindwe na kampuni yenye ruhusa ya Kongo. Ikiwa mashua yako inalala Kasenga na imeandikwa Kasenga, bima ya Mufulira inaweza kukuletea mabishano siku ile unapoihitaji. Ikiwa mashua yako inalala Nchelenge na imeandikwa huko, hayo ni mambo mengine, nenda kwa kampuni ya huko.

Tena kuna ile kadi ya njano ya COMESA. Madereva wanaijua, inakubaliwa huku na huko. Nimesikia mtu akisema, "Gari langu lina kadi ya njano, nalo ndilo linalovuta mashua, basi mashua imelindwa." Hapana. Kadi ya njano ni ya gari, kwa madhara ambayo gari linawaletea wengine. Mashua ikianguka toka trela na kupasuka, kadi hailipi mashua yako. Na ikishaingia majini, kadi haina neno tena. Kama unaisafirisha mashua kwa njia ya Pedicle, uliza kampuni kama safari ya barabarani imeandikwa katika kontra ya mashua.

Tuje kwenye karatasi yenyewe. Kwa Kifaransa inaitwa polisi, lakini haina kofia wala filimbi. Na malipo yanaitwa primu. Usifurahi, hii si primu ya uzalishaji, hii unailipa wewe. Isome yote, ao mtafute mtoto anayesoma vizuri Kifaransa akusomee pole pole. Maneno madogo yaliyo nyuma ndiyo yanayozungumza siku ya ajali.

Tazama maji yaliyoandikwa. Ikiwa imeandikwa "mto Luapula", basi ziwa Mweru halimo. Mweru ni ziwa la kilometa za mraba zaidi ya 5,000, na mpaka wa nchi mbili unapita katikati. Upepo ukikusukuma ng'ambo, ao wewe mwenyewe ukifuata soko la Kashikishi, bima iwe inajua kwamba unafika huko. Na Zambia inafunga uvuvi kila mwaka toka tarehe 1 mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Kampuni hailipi mashua iliyokamatwa ikivua wakati uliokatazwa. Kama mashua yako inapumzika miezi ile, uliza kama primu inaweza kupunguzwa kwa miezi ya kulala. Kampuni nyingine zinakubali, lakini hazikuambii mpaka uulize.

Tazama bei ya mashua uliyoandika. Hapa mayele mafupi yanaua. Tuseme mashua na motere vina bei ya dolari 4,000. Wewe unaandika 2,000 ili primu iwe ndogo. Dhoruba inakuja, inaharibu vitu vya dolari 1,000. Unafikiri utapata 1,000? Kampuni itasema: uliweka bima ya nusu, tunakulipa nusu, ni 500. Kisha kuna kitu kinachoitwa franshizi, yaani sehemu ya kwanza ya hasara unayobeba mwenyewe kila mara. Ikiwa franshizi ni 200, unabaki na 300. Ndiyo maana usilinganishe primu peke yake. Kampuni mbili zinaweza kuwa na primu moja, lakini moja ina franshizi ya 100 na nyingine ya 600.

Tazama mambo wanayokataa kulipa. Mbao iliyooza si ajali. Motere iliyoibwa bila kufungwa kwa mnyororo, mara nyingi hawalipi, na hata ikiwa ilifungwa watataka proseverbali ya polisi. Muendeshaji aliyekunywa pombe, hawalipi. Mashua isiyo na karatasi za komiseri wa mito na maziwa, wengi hawataki hata kuitazama. Na jambo la kwanza kabisa wanalotafuta baada ya ajali ni mzigo: mulikuwa wangapi, mulibeba nini?

Juu ya mzigo nitakaa kidogo, kwa maana hapo bima na dispensari tunasema neno moja. Mwezi wa 12 mwaka 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa Tanganyika, watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 20 mwezi wa tisa 2018, huko Tanzania, kivuko MV Nyerere kilichojengwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na nchi kavu, wakafa watu 228. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, MV Merdi ilizama katika ziwa Kivu karibu na Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingojea kwenye kivuko. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa. Mashua yako ya mbao inahitaji watu wawili tu zaidi na magunia manne ya samaki wakavu ili maji yaanze kuingia upande mmoja.

Ajenti mzuri utamjua hapo. Anashuka mpaka kwenye maji kuitazama mashua. Anauliza: jaketi za kuelea ziko ngapi? Zinatosha watu wote, ao ziko mbili za kuonyesha polisi? Mnasafiri usiku? Serikali imekataza mara nyingi kusafiri usiku, na yeye anajua hivyo. Anauliza kama vijana wanajua kuogelea. Watu wengine wanachukia maswali hayo, wanasema ajenti huyu ni msumbufu, nampenda yule mwingine aliyetia sahihi ndani ya bar bila kuona kitu. Mimi naona kinyume. Yule anayekusumbua mbele ya ajali hatakuwa na mengi ya kukusumbua kunyuma. Yule aliyetia sahihi ndani ya bar ataanza kuuliza maswali yote siku ile unapokuja kudai.

Na usishangae kampuni moja ikikuambia, "Sisi hatuchukui mashua za mbao." Usikasirike. Anayekukatalia usoni amekuokolea feza. Mwombe akuambie ni nani anayezichukua, kisha uende huko.

Swali moja zaidi kwa kampuni unayotaka: nani amekwisha kulipwa nanyi huku kwetu? Usiridhike na kalenda na kalamu wanazogawa. Mtafute mtu wa Kasenga, wa Kilwa ao wa Pweto aliyepata ajali akalipwa, umuulize alingoja miezi mingapi, na nani alikuja kupima hasara. Kampuni isiyo na mtu hata mmoja Lubumbashi wa kuja kutazama mashua iliyovunjika itakungojesha mpaka mbao ziwe kuni.

Basi ajali imetokea. Kwanza watu. Mtu aliyetolewa majini na hapumui, usimning'inize miguu juu ili maji yatoke, kama wengi wanavyofanya. Unapoteza dakika zake. Mlaze chali, fungua njia ya pumzi kwa kuinua kidevu, puliza hewa kinywani mara tano, kisha kandamiza kifua kwa nguvu mara 30, puliza mara mbili, uendelee hivyo wakati mwingine anatafuta gari. Hata akizinduka, mlete hospitali siku ile ile, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumgeukia usiku.

Kisha makaratasi. Piga simu kwa kampuni siku hiyo hiyo ikiwezekana, na upeleke barua ndani ya siku zilizoandikwa katika kontra. Hesabu siku hizo tangu leo, usingoje ajali ndipo uzitafute. Piga picha za mashua mbele ya kuivuta na kuitengeneza. Andika majina ya walioona. Usitie sahihi karatasi inayosema kosa ni lako wala inayosema si lako, hata mzee wa kivuko akikulazimisha, mpaka kampuni ijue. Na kutoka kwetu, hospitali ao dispensari, omba karatasi ya munganga yenye tarehe, saa na maumivu yaliyoonekana. Watu wengi wanaiomba baada ya miezi miwili, nasi tunaweza kuandika tu yaliyomo katika kitabu cha siku ile. Uje mapema.

Polisi ya bima yenyewe usiiweke ndani ya mashua. Ikizama, inazama pamoja na karatasi. Ya kwanza ikae nyumbani katika sanduku, mama wa nyumba ajue ilipo na ajue namba ya simu ya biro, maana yeye ndiye atakayepiga ikiwa wewe ndiye uliyeumia. Kopi moja ibaki kwa muendeshaji, ndani ya plastiki. Wale wanaotaka kusomewa kontra yao mbele ya kutia sahihi waje kwenye dispensari baada ya saa za kazi, siku ya tatu. Walete karatasi nzima, na ule upande wa nyuma pia.